Chapa ya Utalii ya Kijiji na Kanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya vijijini, maafisa utamaduni wa halmashauri, viongozi wa vijiji na vijana wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wanaotaka eneo lao lijulikane kwa wageni. Maswali ni yale yanayorudi karibu kila kikao. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayovunja vikundi.

Chapa ya utalii ni nini? Si nembo na kauli mbiu?

Nembo ni alama tu ya chapa. Chapa yenyewe ni kile mgeni anachokitarajia akisikia jina lenu, na kile anachowasimulia wenzake akirudi kwake. Vitu hivyo viwili vikifanana, mna chapa. Visipofanana, hata nembo ichorwe na fundi gani, mna jina baya lenye picha nzuri.

Niliwahi kwenda kwenye kikao cha kijiji kimoja nikiwa na michoro mitatu ya nembo, nikitaka watu wachague. Vijana waliifurahia. Bibi mmoja aliyekaa pembeni akauliza, "Mwanangu, hii picha ni nzuri. Huyo mgeni akija, maji ya kunawa ataletewa na nani?" Hapakuwa na mwenye jibu, nami nikiwemo. Tukaiweka michoro kando, na kikao kizima tukakimaliza kwa swali lake. Tangu siku hiyo nembo naiweka mwishoni: kwanza nani atampokea mgeni, nani atapika, nani atalipwa nini, kisha ndipo jina na rangi.

Sisi hatuna Serengeti wala Kilimanjaro. Tutauza nini?

Swali hili huulizwa kwa unyonge usio na sababu. Kanda ya kati ina mambo ambayo mtu hawezi kuyapata kaskazini wala pwani.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mapango na vibanda vya miamba vyenye michoro ni zaidi ya 150, vimetawanyika kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa, na kituo cha kupokea wageni kiko Kolo, takriban kilomita 180 kutoka Dodoma mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro hiyo mwaka 1951. Jirani wapo Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kubofya ulimi, na ambao wahenga wao wanahusishwa na sehemu ya michoro hiyo.

Halafu zipo zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Machi hadi Aprili na Agosti hadi Septemba. Kilimo hicho kina mizizi kwenye misheni kama Bihawana, kina kituo cha utafiti Makutupora, na kina wakulima Hombolo, Mpunguzi na Mvumi wanaojua kila jicho la mzabibu. Mtu wa Dar es Salaam amekula zabibu za Dodoma maisha yake yote akiuziwa dirishani mwa basi, lakini hajawahi kusimama chini ya kichanja na kukata kishada kwa mkono wake.

Kongwa ina historia mbili nzito mahali pamoja. Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951 baada ya ukame, ardhi ngumu na mitambo iliyoharibika kuushinda. Miaka ya 1960 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa ANC, FRELIMO na SWAPO. Msafiri wa Afrika Kusini, Msumbiji au Namibia ana sababu ya moyoni ya kufika Kongwa, na bado hatumwambii vya kutosha.

Sijagusa Mpwapwa ya njia ya misafara, bwawa la Mtera, maziwa ya Singidani na Kindai pale Singida mjini, asali ya Manyoni, nyumba za tembe, wala muziki wa Wagogo. Tatizo letu ni kwamba vitu hivi havijaunganishwa, na havijaandaliwa kwa mtu anayefika saa nne asubuhi akiwa na njaa na watoto wawili.

Jina liwe la kijiji au la kanda nzima?

Yote mawili, kila moja kwa kazi yake. Kijiji kimoja kwa kawaida kina kitu cha kumshughulisha mgeni kwa muda wa saa tatu hadi tano. Mtu hawezi kufunga safari kutoka Dar kwa ajili ya saa tatu. Lakini asubuhi ya shamba la zabibu, mchana wa ugali wa uwele na mlenda, jioni ya muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, kesho yake safari ya Kolo, hiyo ni wikiendi ya kutosha. Jina la kanda ndilo linalomvuta aondoke nyumbani kwake. La kijiji ndilo linalomwambia afike wapi na amuulizie nani.

Kwa hiyo kaeni na vijiji vya jirani mapema, kabla kila kimoja hakijachapisha vipeperushi vyake. Kubalianeni mambo machache: nani anatoa nini (vijiji vitatu visiuze ngoma ileile wiki ileile), bei zisizouana, na namba moja ya simu ya kuulizia safari. Nimeona vijiji viwili vinavyotenganishwa na korongo tu vikishushiana bei mpaka chakula cha mgeni kikauzwa chini ya gharama ya kuni na mafuta.

Nani aongoze: kijiji, halmashauri au kampuni ya utalii?

Kijiji kimiliki, halmashauri isaidie, kampuni ilete wageni. Mkikosea hapo, mengine yote yatayumba.

Kumiliki maana yake uamuzi unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Msiridhike na muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji peke yao. Kwenye mkutano huo yaamuliwe haya: eneo gani la kijiji wageni wataruhusiwa kuingia, kikundi gani kinaendesha, fedha zinagawanywaje, na taarifa itasomwa lini. Mkiweza, andaeni sheria ndogo ya kijiji ipitishwe na halmashauri ya wilaya, maana makubaliano ya mdomo husahaulika siku uongozi unapobadilika.

Mfano mnao hapa nchini. Mpango wa utalii wa utamaduni ulianza mwaka 1995 kule Arusha kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la Uholanzi la SNV. Wenyeji wenyewe ndio waliowatembeza wageni kwenye vijiji vyao.

Tusimulie hadithi gani?

Ile ambayo wazee wenu wanaisimulia bila kuandikiwa. Wageni wengi wa Dodoma hupenda ile ya tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope, ambayo wazee huitaja kama asili ya jina la mji, kutoka neno la Kigogo la kuzama. Ni hadithi fupi, ina mnyama, ina mahali, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuirudia akifika nyumbani.

Mkipata hadithi zaidi ya moja kuhusu jambo lilelile, msilazimishe moja ishinde. Mwongozaji aseme, "Ukoo huu husema hivi, ule husema vile." Mgeni hukiamini kijiji kinachomwonyesha kwamba wazee hawakubaliani.

Salamu nayo ni sehemu ya hadithi. Mgeni akifundishwa "Mbukwenyi" kabla hajashuka kwenye gari, akaitamka kwa wazee waliokaa kivulini na wakamwitikia kwa shangwe, ataisimulia salamu hiyo kuliko kitu chochote mlichokiandika kwenye bango. Haiwagharimu hata shilingi.

Yapo mambo ambayo hatupaswi kuyauza?

Yapo, na myataje kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Baadhi ya maeneo ya michoro bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko, pamoja na kuomba mvua na uponyaji. Mungomi wa Kolo ndilo linalojulikana zaidi. Siku za tambiko ni za wenyewe. Wazee wakisema leo haingiwi, haingiwi, hata kama kundi limetoka Dodoma alfajiri. Waelezeni mawakala jambo hilo mapema, kwa maandishi, ili isije ikawa kijana wa kuongoza wageni ndiye anayebanwa kati ya mzee na mteja aliyekwisha lipa.

Muheme nao una pande mbili. Ni ngoma ya kina mama wa Kigogo, wanaoshika katikati ya mapaja ngoma zenye kiuno chembamba, na asili yake imefungamana na unyago wa wasichana. Zipo nyimbo za kuchezwa hadharani na zipo za ndani. Kina mama wenyewe ndio wachague. Asiwachagulie mwenyekiti, asiwachagulie afisa, na asiwachagulie mpiga picha anayetaka "kitu cha asili zaidi."

Kikundi cha ngoma kilipwe vipi?

Kilipwe kwa kila onyesho, siku ileile, kwa kiwango kilichoandikwa. Soda na shukrani si malipo. Muziki wa Wagogo umefika mbali: Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka na zeze na marimba yake kwenye majukwaa ya dunia, na Chamwino kumekuwa na tamasha la muziki huu linalokusanya vikundi vya vijijini. Huu ni utaalamu uliochukua vizazi.

Kikundi kikirekodiwa kwa matangazo, hilo ni suala tofauti na onyesho. Andikeni mkataba mfupi: rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani. Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA, inasajili kazi za wasanii. Anzieni hapo.

Wageni wetu wa kwanza ni akina nani?

Vikundi vingi hujibu "Wazungu." Mimi nasema anzeni na watu walioko umbali wa saa moja kutoka kwenu.

Serikali imehamia Dodoma. Watumishi wengi wamekuja na familia, na Jumamosi hawajui pa kwenda. Wabunge na wageni wao hujaa mjini wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Chuo Kikuu cha Dodoma kina maelfu ya wanafunzi, na wazazi huja kwenye mahafali. Kila wiki kuna semina na makongamano, washiriki wake wana mchana mmoja mtupu. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne, kwa hiyo mtu wa Kinondoni anaweza kuja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili.

Mgeni wa ndani anawafundisha kazi. Anasema wazi kwamba chumvi imezidi, anauliza choo kiko wapi, anapatana bei. Mkiweza kumridhisha yeye miezi sita mfululizo, msafiri anayeshuka kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa hatawashinda.

Msimu mzuri ni upi?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Wakati huo nchi ni kijani na mlenda ni mbichi, lakini njia za vijijini zina makorongo. Juni hadi Oktoba ni kukavu, barabara nzuri, mibuyu imebaki matawi matupu na inapendeza sana kwenye picha za jioni. Tengenezeni kalenda ya kijiji yenye kazi halisi za kila mwezi (kupanda, kupalilia, kuvuna uwele, kukata zabibu), kisha mseme ukweli kuhusu kila mwezi. Msimwahidi mtu zabibu mwezi Juni.

Bei tunaipangaje?

Hapa ndipo vikundi vingi huumia, kwa hiyo tufanye hesabu. Huu ni mfano wa kujifunzia, badilisheni tarakimu ziwe zenu.

Chukua wageni 10 wa siku moja, kila mmoja 45,000. Jumla ni 450,000. Chakula 10,000 kwa kila mmoja ni 100,000. Ngoma 100,000. Waongozaji wawili kwa 30,000 ni 60,000. Mwenye shamba la zabibu 50,000. Maji, sabuni na usafi 20,000. Mpaka hapo zimekwenda 330,000. Mfuko wa kijiji asilimia 10 ni 45,000. Zimebaki 75,000, mnajiona mmepata. Kisha wakala aliyeleta kundi anadai asilimia 15 yake, yaani 67,500. Mkononi mwa kikundi zinabaki 7,500, na hapo hamjalipia vocha, nauli ya kwenda kununua nyama, wala siku ambayo kundi lilighairi.

Fundisho la hesabu hiyo ni kwamba kamisheni ya wakala iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na akiba ya kikundi. Na bei iwe ileile kwa aliyeletwa na wakala na aliyekuja mwenyewe. Mawakala wakigundua mnawauzia wateja wao kwa bei ya chini pembeni, hawarudi.

Ombeni malipo ya awali ya kutosha kununulia chakula. Mama lishe wa kijijini hana mtaji wa kupoteza kuku kumi.

Fedha zigawanywe vipi ili tusigombane?

Zipite mahali pamoja panapoonekana: lipa namba au akaunti ya kikundi, isiwe simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mgeni apewe stakabadhi. Wanaofanya kazi walipwe siku hiyohiyo. Sehemu ya kijiji ipelekwe kwenye mfuko wenye shabaha inayoonekana kwa macho, kama bomba la kisima au madawati, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu.

Toeni zamu. Familia tano zenye uwezo wa kupika zisiachiwe moja iliyo karibu na barabara. Ugomvi mkubwa niliowahi kuusuluhisha haukuhusu wizi. Ulihusu kaya moja iliyopata wageni mara nne huku nyingine zikiwa zimenunua sahani na hazijapata hata mmoja.

Je, choo kina umuhimu kiasi hicho?

Ndiyo. Kijengeni kabla ya bango. Kiwe na mlango unaofungwa, maji, sabuni na mahali pa kutundika mkoba.

Picha na video za wanakijiji zinahitaji ruhusa?

Zinahitaji, na ya watoto inahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia picha ya mtu anayetambulika. Lakini hata bila sheria, ni adabu. Msitumie picha ya umaskini kuvuta huruma. Mtu akija kwa kuwahurumia huacha msaada na hatumi rafiki zake.

Hatuna fedha za matangazo. Tuanzie wapi?

Anzeni na ramani. Wekeni kijiji chenu kwenye Google Maps kwa jina sahihi, na alama iwe pale gari linapoegeshwa, wala si katikati ya pori. Ongezeni picha za mchana za barabara ya kuingilia, kwa sababu dereva wa mjini huogopa njia asiyoijua.

Pili, akaunti ya biashara ya WhatsApp yenye bei, kalenda na majibu yaliyoandaliwa, ishikwe na mtu mwenye simu inayokaa na chaji. Swali la mgeni likikaa siku mbili bila jibu, mgeni huyo ameshakwenda kwingine.

Tatu, watu wanaoulizwa na wageni: wahudumu wa mapokezi wa hoteli na gesti za Dodoma mjini, madereva wa teksi na bajaji wa stesheni ya SGR, makatibu wa vyama vya wanafunzi. Waalikeni kumi, wapikieni, watembezeni bure siku moja. Gharama yake ni ndogo kuliko tangazo moja la redio, na athari yake hudumu. Baada ya hapo ndipo Instagram, na muweke video fupi za kazi halisi: mikono ikikata kishada, kina mama wakikaza ngozi za ngoma juani.

Jina letu tulisajili wapi?

BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Wengi hudhani jina la biashara likishasajiliwa limelindwa. Usajili wa jina la biashara na usajili wa alama ya biashara ni vitu viwili. Alama, chini ya sheria ya mwaka 1986, hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza na kuhuishwa kila miaka 10. Mwenye usajili awe kikundi au ushirika wenu. Asiwe mfadhili, asiwe mbunifu wa nembo, na asiwe kijana aliyejitolea kujaza fomu kwenye mtandao. Jina la kijiji likishakaa mikononi mwa mtu mmoja, kulirudisha ni kesi ndefu.

Tunaweza kuwapeleka wageni kwenye michoro sisi wenyewe?

Michoro inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Pitieni kituo cha Kolo, lipieni kiingilio, mwende na mwongozaji anayetambulika. Hakuna kugusa, na hakuna kumwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, maana maji huula mchoro. Biashara yenu ipo kabla na baada ya pango: chai, chakula, malazi, hadithi za Warangi na Wasandawe, asali, vikapu. Kampuni inayotaka kuendesha safari kwa biashara inahitaji leseni ya utalii, kwa hiyo muulizeni afisa wa wilaya kabla hamjanunua gari.

Tutajuaje kama chapa inafanya kazi?

Kwa daftari moja la mistari. Kila mgeni aandikiwe tarehe, alikotoka, alisikia habari zenu kwa nani, alilipa kiasi gani, na jambo moja ambalo hakulipenda. Baada ya miezi mitatu lisomeni kwa sauti mbele ya kikundi kizima, pamoja na waliopika na waliofagia. Safu ya "alisikia kwa nani" itawaonyesha pa kuweka nguvu, na safu ya mwisho itawapa kazi ya msimu unaofuata. Mkiona majina yaleyale yameanza kurudi na ndugu zao, mwiteni mchora nembo.